Kukusanya stempu za Marekani za karne ya 19 zikiwa bado kwenye bahasha zake

Swali linalorudi kila mara ni hili: "Nimepata bahasha ya zamani ya Marekani ina stempu, niibandue niitie kwenye albamu?" Hapana, usiibandue. Stempu ya senti 3 ya mwaka 1861 ikiwa peke yake ni kitu cha kawaida kabisa. Ikiwa kwenye bahasha yake, pamoja na muhuri wa mji, tarehe na jina la aliyeandikiwa, ni hati. Ukiibandua unabaki na stempu ya bei ya chai na karatasi yenye doa, na hata ukiirudisha mahali pake hakuna mnunuzi atakayekuamini.

Hapa chini tunasema "bahasha" hata kwa barua iliyokunjwa. Kabla ya Julai 1845 posta ya Marekani ilitoza kwa idadi ya karatasi, na bahasha ilihesabiwa kuwa karatasi ya pili. Watu wakawa wanakunja barua yenyewe, wanaandika anwani mgongoni na kuiziba kwa lakiri. Mtindo huo uliendelea miaka mingi hata baada ya posta kuanza kutoza kwa uzito, ndiyo maana stempu nyingi za 1847 zinapatikana kwenye barua zilizokunjwa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kununua chochote

- Lenzi ya kukuza mara 10. Ile ya mara 30 ya bei rahisi inakuonyesha nyuzi za karatasi tu, hutajua unatazama nini.
- Taa ya urujuanimno ya mawimbi marefu (nanomita 365) na chumba cha giza.
- Kipimo cha meno ya stempu (vitobo vya kingoni mwake), na rula ya milimita iliyo safi.
- Mifuko ya poliesta angavu kwa ajili ya bahasha. Isiwe plastiki ya PVC.
- Katalogi ya Scott toleo maalumu la Marekani. Toleo la miaka mitano iliyopita linatosha kwa kujifunza. Bei ndizo zinazobadilika.
- Skana ya dpi 600, na daftari.

Kibano cha stempu si cha lazima, maana stempu hutaigusa. Bahasha ishike kwa mikono iliyooshwa ikakauka vizuri.

Hatua ya 1: Chagua kipande kidogo cha karne

"Karne ya 19 yote" ni bahari. Anza na stempu moja ya kawaida: senti 3 ya 1851 hadi 1861 yenye picha ya Washington, au senti 3 ya 1861 iliyochapwa na National Bank Note Company. Bahasha ya kawaida ya senti 3 ya 1861 mara nyingi hupatikana kwa dola 5 hadi 15. Nunua kumi kutoka miji tofauti, uzitazame mpaka macho yako yazoee muhuri halali unavyokaa kwenye karatasi. Stempu za kwanza za taifa, senti 5 ya Franklin na senti 10 ya Washington zilizotoka tarehe 1 Julai 1847, ziache kwanza. Hizo zinaanzia mamia ya dola, na waghushi wamezishughulikia tangu zamani.

Kwa msomaji wa Zanzibar kuna uwanja jirani unaostahili kutajwa. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ndio walioleta kile kitambaa tunachokiita merikani, na ubalozi mdogo wa Marekani ulifunguliwa Unguja mwaka 1837. Barua zao zilisafiri kwa merikebu za biashara, bila stempu, na zikifika Marekani ziligongwa neno SHIP. Barua ya kati ya 1845 na 1851 iliyoteremshwa Boston kwenda Salem ilitozwa senti 7: senti 2 za barua ya meli na senti 5 za nchi kavu. Ikiishia bandari ileile iliyoteremshwa, ilitozwa senti 6. Ni chache sokoni, lakini ukiona "SHIP" na "7" pembeni, sasa unajua unachokitazama.

Hatua ya 2: Bandika jedwali la viwango ukutani

Hii ndiyo silaha yako kubwa. Barua ya ndani, uzito wa nusu wakia:

- 1 Julai 1845: senti 5 hadi maili 300, zaidi ya hapo senti 10. Kuanzia 1847, kwenda au kutoka pwani ya Pasifiki, senti 40.
- 1 Julai 1851: senti 3 ikilipwa mapema, senti 5 isipolipwa, hadi maili 3,000. Zaidi ya hapo senti 6 au 10.
- 1 Aprili 1855: kulipa mapema ni lazima. Zaidi ya maili 3,000 ni senti 10. Kuanzia 1 Januari 1856 malipo yawe kwa stempu.
- 1 Julai 1863: senti 3 nchi nzima, umbali hauhesabiwi.
- 1 Oktoba 1883: senti 2. Kuanzia 1 Julai 1885 senti hizo 2 zinabeba wakia nzima.

Kwenda Uingereza: senti 24 kuanzia 1849, senti 12 kuanzia 1868, senti 6 kuanzia 1870, na senti 5 kuanzia Julai 1875 ulipoanza umoja wa posta wa mataifa.

Hatua ya 3: Isome bahasha kabla ya kuitazama stempu

Wanaoanza huona stempu kwanza, wakishaipenda hawaoni kingine. Ziba stempu kwa kidole, juu ya mfuko, halafu jiulize kwa mpangilio huu: imetoka wapi, imekwenda wapi, lini, na ilipaswa kulipiwa kiasi gani? Andika jibu. Kisha ondoa kidole.

Tuseme ni barua ya 1849 kutoka New Orleans kwenda New York, ina senti 5 moja ya Franklin imegongwa vizuri kabisa. Kutoka New Orleans hadi New York ni zaidi ya maili 300, kwa hiyo ilipaswa kulipiwa senti 10. Hapo kuna mambo matatu yanayowezekana: stempu ya pili ilidondoka (tafuta alama ya gundi na nusu ya muhuri iliyobaki hewani), posta ilidai senti 5 zilizopungua (tafuta alama ya deni), au kuna mtu alibandika Franklin juu ya barua ambayo haikuwahi kuwa na stempu. Ukikosa dalili za mawili ya kwanza, rudisha.

Sasa bahasha ya 1853 yenye senti 3 nyekundu, na pembeni kuna muhuri "PAID 3". Wakati huo mtu aliweza kulipa taslimu dirishani, na "PAID 3" ndiyo ilikuwa risiti yake. Kwa nini basi alipe tena kwa stempu? Hii ndiyo ghushi iliyozoeleka kuliko zote: bahasha ya bei rahisi isiyo na stempu inaongezewa stempu ya bei rahisi, na viwili vikiwa pamoja vinauzwa mara kadhaa ya bei. Lakini usikimbilie kuhukumu, kwa maana miji mingine iliutumia muhuri huohuo wa PAID kuua stempu, yaani kuifuta isitumike tena. Ukiwa umekaa *juu* ya stempu na kuvuka hadi kwenye karatasi, ni sawa. Ukiwa umekaa mbali, peke yake, shuku.

Kwa barua za Uingereza hesabu ni tamu zaidi. Zile senti 24 ziligawanywa: 5 za Marekani nchi kavu, 16 za bahari, 3 za Uingereza nchi kavu. Barua iliyolipiwa ikipanda meli ya posta ya Uingereza, Marekani ilibaki na 5 na kuwapa wenzao 19, kwa hiyo utaona "19" kwa wino mwekundu. Ikipanda meli ya Marekani utaona "3" nyekundu. Wino mwekundu ni fedha iliyolipwa, mweusi ni deni. Bahasha yenye stempu za senti 24 na tarakimu nyeusi kubwa ya deni inajipinga yenyewe.

Hata kitu adimu kuliko vyote hupita kwenye kipimo hichohicho. Stempu ya senti 90 ya Lincoln ya toleo la 1869 inajulikana kwenye bahasha moja tu duniani, iliyotumwa Boston mwaka 1873 kwenda kwenye ghala la barafu, Calcutta, India. Iliibiwa Indianapolis mwaka 1967 na ikaibuka Chicago mwaka 2006. Ina stempu za 90, 12 na 10, jumla dola 1.12. Kiwango cha India kilikuwa senti 28, na barua ilikuwa na uzito mara nne. Zidisha.

Hatua ya 4: Tazama muhuri unavyoishika stempu

Stempu "imeshikwa" pale wino wa muhuri unapoanzia kwenye stempu na kuendelea kwenye bahasha. Chukua lenzi, simama kwenye ukingo wa stempu hasa.

Muhuri halisi mara nyingi unakatika kidogo pale ukingoni, kwa sababu chuma au mbao iliruka ile ngazi ndogo ya unene wa stempu. Rangi na uzito wa wino ni vilevile pande zote mbili. Mchoro wa mghushi huwa umeunganishwa kwa unadhifu mno, au mstari wa kwenye karatasi hauendi sambamba na wa kwenye stempu: duara linakuwa yai. Chukua skani, chora duara kwa programu yoyote ya picha, uone kama inatimia.

Nusu ya stempu iliyotumika badala ya nzima (kwa mfano senti 12 iliyokatwa kulipia 6) inahitaji zaidi: muhuri uvuke *mstari wa mkato* kuingia kwenye karatasi. Muhuri ukiwa upande usiokatwa tu, mkasi ungeweza kupita hata jana.

Stempu isiyoshikwa si lazima iwe mbovu. Miji midogo iliua stempu kwa kalamu, msalaba mmoja basi. Hizo ni halali na ni za bei nafuu. Ila huwezi kuzithibitisha kwa jicho, kwa hiyo usizilipie bei ya iliyoshikwa.

Hatua ya 5: Washa taa

Kwenye giza, karatasi ya karne ya 19 hutulia, yenye rangi ya maziwa machafu au kahawia. Kinachowaka buluu-nyeupe kina kemikali ya kung'arisha iliyoanza kutiwa kwenye karatasi katikati ya karne ya 20, maana yake kuna kiraka, gundi mpya au karatasi mpya. Kagua pembe za bahasha, kingo za stempu, na sehemu iliyo chini ya muhuri. Alama za kalamu zilizofutwa nazo huonekana kama kivuli. Kisha igeuze: nyuma ya bahasha kuna mihuri ya kupita na ya kufika, na waghushi wengi husahau kwamba tarehe za nyuma lazima zifuate za mbele.

*Onyo:* maji na petroli ya kutafutia alama zilizofichwa ndani ya karatasi visiguse bahasha. Si tone.

Hatua ya 6: Ikague stempu yenyewe

Za 1847 na za 1851 hazina meno. Meno ya 15½ (idadi yake katika kila sentimita 2) yalianza 1857, na toleo la 1861 lina meno 12. Kwa hiyo mtu akichukua ya 1857 na kuipunguza kwa mkasi anapata "ya 1851". Dai nafasi pana kuzunguka picha pande zote nne. Palipobana, kosa ni la muuzaji mpaka athibitishe. Tazama tarehe pia: Agosti 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikiwa vimeanza, stempu za zamani zilianza kuondolewa thamani ili zilizobaki Kusini zisiuzwe kuwapatia waasi fedha. Ya 1857 kwenye bahasha ya 1863 bila alama yoyote ya kukataliwa inahitaji maelezo. Iliyokataliwa na kugongwa "OLD STAMPS NOT RECOGNIZED" ni lulu.

Rangi usiziamini kwenye skrini. Senti 3 ya 1861 yenye rangi ya waridi iitwayo "damu ya njiwa" ni ghali sana, na kila muuzaji mwenye stempu yenye wekundu wa ajabu anadai ni hiyo. Bila cheti cha wataalamu (Hatua ya 8), lipia bei ya ile ya kawaida.

Hatua ya 7: Nunua kwa masharti

Mnadani, ongeza ada ya mnunuzi kichwani kabla ya kutaja bei. Mara nyingi ni asilimia 15 hadi 20 au zaidi. Soma masharti ya kurudisha. Kwa kitu cha zaidi ya dola 200, omba *kabla ya mnada* ruhusa ya kununua kwa sharti la cheti: ikikataliwa, fedha zinarudi. Ukiomba baada ya nyundo kugongwa umechelewa.

Unapoagiza Afrika Mashariki, mwambie muuzaji aweke bahasha kati ya kadi mbili ngumu, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na atume kwa rejista. Andika thamani halisi. Anayeandika "zawadi, dola 5" anakunyima fidia ikipotea.

Hatua ya 8: Cheti

Philatelic Foundation ya New York na huduma ya uthibitisho ya American Philatelic Society ndizo zinazotajwa zaidi. Soma maneno yenyewe, usitazame muhuri wa dhahabu. "Stempu ni halisi" haimaanishi "imetumika kihalali kwenye bahasha hii", na maneno hayo ya pili ndiyo unayolipia. "Stempu haikutokea kwenye bahasha hii" ni hukumu ya kifo. Linganisha picha ya cheti na kitu ulicho nacho, doa kwa doa, maana cheti huweza kuhamishwa. Cheti cha miaka 40 iliyopita kina uzito, lakini maoni hubadilika. Kwa kitu ghali omba kipya.

Hatua ya 9: Hifadhi

Unyevu wa asilimia 40 hadi 50 ndio unaofaa. Dar, Tanga na Mombasa huvuka 75 bila jitihada. Tumia sanduku la plastiki linalofunga barabara, pakiti za silika zinazobadilika rangi, na kipima unyevu kidogo ndani. Rangi ya pakiti ikigeuka, zikaushe kwa moto mdogo, zirudishe. Fungua ukague kila mwezi, hasa wakati wa masika. Usiweke sakafuni wala kwenye ukuta wa nje. Mende wanapenda gundi ya zamani kuliko wewe.

Nyuma ya kila mfuko weka kikaratasi: mji, tarehe, kiwango, bei, uliponunua. Usiandike kwenye bahasha, hata kwa penseli.

Ikikwama

*Muhuri hauna mwaka.* Ni kawaida kabisa. Miji mingi haikuweka. Tafuta pembeni maandishi ya aliyepokea: makarani wa biashara waliandika tarehe ya kupokea na kujibu. Barua ikiwa ndani, mwaka uko juu yake. Vikikosekana, rangi na toleo la stempu hukupa miaka miwili mitatu, basi ridhika na hiyo.

*Senti zimezidi kiwango.* Jaribu uzito maradufu, kisha ada ya tarishi ya senti 1 (ndiyo maana 3+1 ni mchanganyiko wa kawaida kabla ya Julai 1863), kisha barua ya rejista. Zikigoma zote, huenda mtumaji alikosa stempu ndogo. Hutokea, lakini usilipie zaidi kwa ajili hiyo.

*Kuna selotepu.* Usivute. Peleka kwa fundi wa karatasi au iache. Ikishaacha doa la kahawia, doa haliondoki, na bei ipungue mara hiyohiyo.

*Madoa ya kutu na ukungu.* Itenge na nyingine leo, iweke kwenye sanduku lake na silika. Ukungu ukikauka, upanguse kwa brashi laini nje ya nyumba. Blichi hapana: inakula wino wa anwani, na taa ya mnunuzi itaiona.

*Bahasha imechanwa pande tatu.* Ndivyo walivyofungua. Ikunje ilivyokuwa, itie kwenye mfuko, usiibandike.

*Muuzaji hataki kutuma picha ya nyuma.* Nenda kwa mwingine.